Kidole cha Mzee Ambani, Pumzi ya Guka Mbugua

Njeri, maitu, mama yangu mdogo,

Umeenda saluni kusukwa na umesema utarudi saa kumi na moja, maana yake ni saa moja usiku. Shangazi yako yuko jikoni anapika chapati za safari kana kwamba Eldoret hakuna unga. Mimi nimefunga cherehani mapema, nimekaa hapa mlangoni penye mwanga, na nimechukua kitabu chako cha hesabu cha Form Four ambacho kimebaki na kurasa safi. Kesho asubuhi unaenda kusomea uuguzi. Hiyo sentensi nimeisema leo kwa wateja watatu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameniuliza.

Sitakuandikia mambo ya kuanika blanketi na kufunga mlango. Hayo shangazi yako amekutumia kwa simu, na najua umeshafuta nusu. Nataka kukuambia habari ya vifo viwili. Usiogope, hii si barua ya kilio. Cha kwanza kilinishinda. Cha pili nilikishinda, na ningependa ujue nilikishinda vipi, kwa sababu siku hiyo ulikuwepo ila ulikuwa mtoto na ulikuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Umekua ukiona kofia yangu ya kaboi juu ya kabati. Umekua ukiziba masikio nikifanya mazoezi. Wewe na marafiki zako mnaita muziki wangu “nyimbo za ng'ombe”, nimewasikia, na wala sijakasirika. Lakini kuna kitu nilikificha miaka mingi, na sikukuficha wewe peke yako. Watu wawili walionifanya niwe mwimbaji wa country hawakuimba country hata siku moja. Mmoja alikuwa Mluhya wa Kakamega aliyepiga gita la kwao. Mwingine alikuwa mzee wa Kalimoni aliyepiga kodiani, kile kinanda cha kuvuta na kusukuma ambacho nyanya zetu walichezea ngoma ya mwomboko.

Nilifika Thika nikiwa na miaka ishirini na mbili, nikaandikwa kiwanda cha nguo, upande wa kushona kola. Nilikodi chumba Makongeni, kwenye zile nyumba za laini, na mlango uliotazamana na wangu ulikuwa wa Mzee Ambani. Yeye alifanya kazi kiwanda hichohicho, upande wa kutia nguo rangi, na vidole vyake havikuwahi kufanana na vya watu. Wiki hii buluu, wiki ijayo kijani. Jumapili mchana baada ya kanisa alitoa kiti nje akapiga gita, na mkewe, Mama Rose, akakaa kando yake akigonga chupa ya soda kwa kijiko. Muziki huo wanauita omutibo. Ni gita moja, vidole viwili na chupa moja, lakini ukiwa upande wa pili wa ukuta unaapa ni bendi nzima.

Mimi nilikuwa na kaseti sita za country na Kiingereza cha darasa la nane. Nilikuwa nikifua nguo huku nikiimba kwa nguvu, sauti ikipitia puani kama wale wa Amerika. Jumapili moja Mzee Ambani alisimamisha gita lake.

“Mukhana,” akaniita, yaani msichana kwa Kiluhya, “hiyo Kizungu unaimba ama unaisoma kwa chupa ya dawa?”

Nilichemka. “Na wewe hiyo gita unaipiga ama unaikuna?”

Mama Rose alicheka mpaka kijiko kikamponyoka. Mzee akaninyooshea gita. “Haya. Onyesha.”

Sikuwa na la kuonyesha. Nilikwaruza nyuzi zote kwa pamoja kama mtu anayesugua sufuria. Hakunicheka. Aliingia ndani akatoka na kitambaa cha rijekti, kilichokataliwa kiwandani, akanifunga vidole vitatu vya mkono wa kulia, akaacha gumba na kile kinachofuata.

“Hii gumba inatembea,” akasema. “Kazi yake ni kutembea tu. Ukisahau maneno, itembee. Ukilia, itembee. Hii ya pili ndiyo inaongea.”

Miaka mitatu, maitu. Kila Jumapili vidole vyangu vilifungwa kitambaa, na Mama Rose alinigongea chupa huku akigeuza ugali kwa mkono wa pili. Sikuwa mwanamuziki wa omutibo. Nilichukua ule mkono nikaupeleka kwenye nyimbo zangu za country. Siku ya kwanza nilipoimba wimbo mzima hivyo, Mzee Ambani alitikisa kichwa kwa muda mrefu. “Sasa,” akasema, “huyo ng'ombe wenu anatembea.”

Kiwanda kilipopunguza watu nilihamia Ruiru, nikaanza kushona hapa mtaani Mwihoko, nikakuzaa. Baba yako alikuwa ameshaenda zake, na hiyo ni barua nyingine ambayo sina hamu ya kuiandika. Nikajiunga na bendi iliyopiga Kamakis Jumapili mchana, pale watu wanapokula nyama choma wamevaa buti na kofia kana kwamba wana farasi nje. Nyimbo za haraka tulizimudu. Mkono wa Mzee Ambani ulifanya watu waache nyama ikipoa. Shida ilikuwa zile za polepole. Nikianza wimbo wa polepole watu walikaa chini na kuita weita.

Halafu nikaenda kwenye ruracio, yaani sherehe ya mahari, ya mchumba wa mwenzangu wa bendi huko Kalimoni. Wazee walipomaliza maneno yao ya mahari, mzee mmoja mwembamba wa koti la kahawia alikaa kwenye stuli na kuvuta kodiani. Nyanya sita au saba wakainuka na wazee wao. Hatua mbili, wanainama. Hatua mbili, wanainama. Njeri, ilikuwa mwendo uleule wa nyimbo za polepole za country ambao sisi hatukuupata kwa miezi. Na hawa walikuwa nao tangu ujana wao, hapo Kalimoni, kando ya shamba la viazi.

Nilimfuata akinywa uji, nikamwita babu kwa Kikuyu. “Guka, nifundishe.”

Guka Mbugua aliniangalia kofia, akaniangalia buti. “Nikufundishe kodiani?”

“Hapana. Nikuimbie, halafu uniambie makosa iko wapi.”

Nilimtajia jina langu, nikamwimbia palepale. Alisikiliza mpaka mwisho. “Atiriri, sikiza, Wairimu,” akasema, “sauti ni nzuri, lakini unaimba kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Angalia hii.” Akafungua kodiani polepole, likajaa hewa, halafu hakubonyeza kitu. Alikaa tu nalo likiwa limejaa. “Hii kitu inapumua kwanza. Ndiyo iseme.”

Wewe ulikuwa darasa la kwanza. Kila Jumamosi nilikuacha na shangazi yako, nikaenda Kalimoni. Sikuingia hata sebuleni kwake. Tulikaa nje na binti yake Wangari akichambua maharagwe, mimi naimba, Guka anavuta kinanda, na kila nilipoharakisha alisimama ghafla akaniacha nikiwa uchi katikati ya mstari. Baada ya msimu mmoja nilirudi Kamakis na wimbo wa polepole, na watu waliokuwa wamekaa waliinuka wawili wawili. Tangu hapo ndipo jina langu lilianza kutembea. Walikuja kutoka Juja, kutoka Thika, kutoka Githurai, kumsikia huyo mama wa Ruiru.

Sasa sikiliza nilichofanya.

Redio iliniita. Kipindi cha country cha Jumapili. Niliwapigia simu wote wawili, Mzee Ambani na Guka Mbugua, nikawaambia, “Fungueni redio, leo mtanisikia.” Nilikuwa na furaha ya kweli. Nilikusudia kuwataja, nilikuwa nimefanya mazoezi njiani. Lakini mtangazaji alinikaribisha kwa maneno makubwa. Akasema mimi ni mtoto aliyepotea njia, nilipaswa kuzaliwa Amerika nikaangukia Ruiru. Watu wa studio wakacheka, mimi nikacheka, na ile sifa ilinikaa vizuri kama nguo mpya. Halafu akauliza, “Nani alikufundisha?”

Nilifikiria omutibo. Nilifikiria mwomboko. Nilifikiria vile neno “mwomboko” litasikika mbele ya huyo kijana wa suti, muziki wa watu wenye mikongojo. Nikasema, “Hakuna mtu. Nilijifundisha na kaseti.”

Haikuchukua hata sekunde tano.

Nilijiambia hawakusikia. Nilijiambia labda betri ziliisha. Sikupiga simu wiki hiyo, wala iliyofuata, na kadiri siku zilivyosonga ndivyo simu ilivyozidi kuwa nzito. Mwezi wa pili haujaisha, nikapata habari kwamba Guka Mbugua ameaga. Ilikuwa Jumatano. Mazishi yalikuwa Jumamosi, na Jumamosi hiyo tulikuwa na harusi ya kupigia Kamakis. Bendi ingeelewa. Kim, anayetupigia besi, aliniambia mwenyewe, “Enda uzike mzee wako, sisi tutajipanga.” Nikamwambia hapana, kazi ni kazi.

Haikuwa kazi. Niliogopa macho ya Kalimoni. Nilijua lile boma lote lilikaa kando ya redio siku ile.

Nilienda wiki mbili baadaye, wakati hakuna watu. Nilimkuta Wangari akichimba viazi karibu na kaburi, udongo bado mwekundu. Nilitaka anitukane. Alipangusa mikono, akaniwekea chai. Tulipokuwa tukinywa nikamuuliza kwa sauti ndogo kama babake alisikia kile kipindi.

“Alisikia,” Wangari akasema. “Alikuwa amealika majirani.”

“Akasema nini?”

“Mimi nilikasirika, nikataka kuzima. Akasema niache. Ukaimba ule wimbo wako wa mwisho. Ulipomaliza akasema, ‘Amepumua vizuri.’ Basi. Akaenda kulisha ng'ombe.”

Nimefanya mitihani, nimezaa, nimefukuzwa nyumba, nimeachwa. Hakuna kilichowahi kunipiga kama hayo maneno mawili na chai ya huyo mama. Ungedhani nilitoka pale moja kwa moja hadi kwa Mzee Ambani nikamwangukia. Hapana. Aibu haitembei hivyo. Aibu ilinifanya nimkwepe hata zaidi. Wakati huo alikuwa amestaafu, amekuja kukaa na binti yake Rose hapahapa Mwihoko, dakika kumi kutoka kwa cherehani yangu, nami nilizunguka barabara ya nyuma nisipite mlangoni kwake. Miaka, Njeri. Siku moja tulikutana ana kwa ana kwa muuza mboga. Alikuwa na fimbo. Vidole vyake kwa mara ya kwanza vilikuwa na rangi ya vidole.

“Mukhana. Gumba inatembea?”

“Inatembea, Mzee.”

“Vizuri.” Akaanza kunieleza habari ya goti lake. Nilikuwa na maneno yamejaa mdomoni na nikamwacha anieleze habari ya goti. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya mwisho.

Ulikuwa na miaka kumi na minne alipokufa. Rose alinipigia simu nikiwa napima mteja. “Baba ametuacha. Mama anasema uje na gita.”

Nilikaa na futi ya kupimia shingoni. Najua ningeweza kupata sababu, nilikuwa fundi wa sababu kuliko nguo. Lakini nilimkumbuka Wangari na viazi vyake, nikasema, “Nitakuja na bendi nzima.”

Unakumbuka lile hema kwenye uwanja wa Mwihoko, siku waliyomuaga kabla mwili haujapelekwa Kakamega? Tulifika saa nne asubuhi. Mimi, Kim na wale wengine, kofia, buti, na wewe ukitembea hatua ishirini nyuma yetu ili watu wasijue tuko pamoja. Mwenyekiti wa kamati ya mazishi, mwanamume mwenye faili kwapani, alitukuta mlangoni mwa hema.

“Hapana,” akasema. “Mzee alikuwa mtu wa kanisa. Hatuwezi kuweka muziki ya baa mbele ya jeneza. Makaboi wakae nyuma.”

Tulikaa nyuma. Ningeweza kubaki hapo na kusema nilijaribu. Lakini wakati wa marafiki kutoa heshima zao ulipofika, Mama Rose, aliyekuwa kwenye kiti cha plastiki kando ya jeneza, aligeuza shingo akanitafuta kwa macho, akanipungia mkono nije. Nikasimama na gita. Hapo mzee mmoja wa kwao, mrefu, wa sweta ya kijani, naye akasimama.

“Huyu namjua,” akasema, na hakuhitaji maiki. “Huyu ndiye alisema kwa redio hakuna mtu alimfundisha. Ambani alituita tusikilize. Tulikaa kwake watu kumi. Leo anataka nini?”

Nilisikia turubai likipigwa na upepo. Nilikutazama wewe, ulikuwa umeinamisha kichwa. Nikaona kitu cha ajabu: kile nilichokikimbia miaka mitano kilikuwa kimenifikia, na bado nilikuwa nimesimama.

Nikachukua maiki. “Ni kweli, Mzee. Ni mimi. Nilidanganya.”

Nikawaambia yote. Kitambaa cha rijekti. Vidole vya buluu. Chupa na ugali. Nikawaambia niliona haya kusema neno omutibo mbele ya kijana wa suti. Nikawaambia kulikuwa na mzee mwingine wa Kalimoni, Guka Mbugua, aliyenifundisha kupumua, ambaye nilimkana siku ileile na kwa mdomo uleule, na sikwenda kumzika. Nikasema, “Kila mtu hapa Ruiru aliyewahi kucheza country yangu, alicheza mkono wa Mluhya na pumzi ya Mkikuyu wa mwomboko. Mimi niliweka kofia tu.”

Mwenye faili alifungua mdomo. Mama Rose alimtangulia.

“Keti, mwenyekiti. Huyo mtoto alifundishwa kwa mlango wangu. Atapiga.” Halafu akaangalia huku na huku. “Nipeni chupa.”

Kulikuwa na kreti za soda za wageni na zote zilikuwa zimejaa. Sasa hapa ndipo unaingia, maitu. Mama Rose alitoa soda ya orange, akaifungua, akaangalia nani yuko karibu, akakuona wewe. “Mukhana, kunywa hii. Haraka.” Ukainywa yote mbele ya watu mia tatu bila kupumzika, machozi yakikutoka kwa gesi, ukamrudishia chupa, ukatoa kwikwi ambayo ilisikika mpaka kwa lile gari la kubeba maiti. Watu wakacheka. Mjane naye akacheka. Hilo hema lote lililokuwa limekaza kama ngozi ya ngoma likalegea, na ni wewe ulilegeza.

Mama Rose akatoa ufunguo wa nyumba kwenye mfuko wa leso, akagonga chupa. Mkono wake haukuwa umesahau kitu. Nikaweka gumba kwenye uzi.

Gumba ikatembea.

Niliimba wimbo wangu mwenyewe wa country, kwa Kiswahili, juu ya ule mwendo wa kwao. Mistari miwili ya kwanza nilikuwa peke yangu na chupa. Wa tatu Kim aliingia na besi. Wa nne nikaona bega moja linatikisika, na lilikuwa limevaa sweta ya kijani. Yule mzee aliyenishtaki alikuja mbele akitikisa mabega kama kijana, macho yamefungwa, na nyuma yake wakaja wengine. Mashabiki wetu wa Kamakis waliokuwa wameficha kofia zao chini ya viti wakazivaa. Nilipopunguza mwendo kwa ule wimbo wa polepole, nilivuta pumzi nikaishika kidogo, na wamama wa Kikuyu waliopanga plot moja na Rose, ambao walikuja tu kwa ujirani, wakajikuta wawili wawili. Hatua mbili, wanainama. Mwenyekiti aliweka faili chini ya kiti akapiga makofi. Waliokuwa wakilia waliendelea kulia, lakini walilia wakicheza, na mimi niliimba nikilia, na gumba haikusimama.

Gari la maiti lilipoondoka tulipanda pikapu tukalifuata tukipiga mpaka barabara ya bypass. Watu walitoka madukani. Kinyozi alitoka na mteja wake, kichwa nusu kimenyolewa. Sijawahi kuona mtu akisindikizwa hivyo, na alikuwa mtia rangi wa nguo.

Nilienda nao mpaka Kakamega. Pale kaburini wazee walimuuliza Mama Rose, huyu Mkikuyu wa kofia ni wa nani. Akajibu bila hata kunitazama, “Ni wa kwangu.” Niliporudi nilipitia Kalimoni kwanza kabla sijafika nyumbani. Nilimwambia Wangari niliyoyasema Mwihoko. Alisikiliza, akanitolea kodiani la babake, akalipangusa vumbi kwa kanga. Hajawahi kuliuza. Mwezi uliofuata kijana wake alianza kulipiga kwenye bendi yetu, na ndiyo maana leo tunaitwa kila mahali. Wanasema country ya Ruiru haifanani na ya mtu. Wanasema kweli.

Redio pia nilirudi. Niliomba dakika mbili, wakanipa tano. Nilitaja majina yote mawili, polepole, na vijiji vyao.

Kwa nini nakuambia haya leo? Wiki iliyopita nilikusikia ukiongea kwa simu na yule msichana mtakayeshiriki chumba. Akakuuliza kazi ya mama yako. Ukasema, “Ni fundi wa nguo.” Ukaongeza, “Tu.”

Usinyanyuke kwenye kiti. Sikuumia. Nilifunga mdomo na futi nisicheke. Nilijisikia mwenyewe kwenye ile studio, sekunde zilezile tano. Sina haja ya kukusamehe kitu, maana mimi nilifanya hivyo nikiwa mtu mzima, na wale wawili niliowakana wamekufa. Wewe una miaka kumi na tisa na mama anayevaa buti zenye nyota. Utasema ukiwa tayari, na usiposema bado utakuwa wangu. Ila nimejua jambo moja kwa njia ya gharama: lile ninaloona haya kulitaja mara nyingi ndilo limenibeba. Na nilikosea mara mbili kungoja mpaka mtu awe kwenye sanduku ndiyo nipate ujasiri wa kumsifu.

Kwa hivyo Jumapili nilifanya jambo ambalo hujui. Kamakis ilikuwa imejaa mpaka watu wamesimama kwenye maegesho. Nilitaja Mzee Ambani, wakashangilia, wamezoea. Nikataja Guka Mbugua, wakashangilia. Halafu nikasema kuna wa tatu. Nikawaambia kwamba tulipokuwa tukirudi nyumbani kutoka lile hema la Mwihoko, binti yangu wa miaka kumi na minne, ambaye hapendi country, aliniambia, “Mum, leo ni kama ulikuwa unaimba na sauti yako.” Nikawaambia kwamba nimeimba na hiyo sauti tangu siku hiyo, na kwamba yule msichana anaitwa Njeri, na anaenda Eldoret kuwa muuguzi.

Walisimama, maitu. Hata waliokuwa na nyama mkononi. Walivua kofia wakakupigia makofi, na kodiani la Kalimoni likavutwa mpaka mwisho, na hujaenda popote, hujafa, hujaugua. Ulikuwa Githurai na shangazi yako mkichagua sanduku la nguo.

Mama yako,
Wairimu